Maadamu Mama Badra Yu Hai

"Usinizungushe, Rumia! Uliniambia umefunguliwa kile kiapo!"

"Nilifunguliwa."

"Na leo?"

"Leo sijafunguliwa."

"Mimi ni fundi, nieleze kifundi. Bomba limefunguka au limeziba. Mimi sijui bomba la katikati."

Tulikuwa juu ya paa la nyumba yangu, Ijumaa saa tatu asubuhi. Ovadia alikuwa ameshika spana kando ya tangi la maji moto la sola, tangi ambalo halikuwa na ubaya wowote. Mwaka mzima lilikuwa kisingizio chetu. Akitaka kuniona, linaharibika.

"Shusha sauti," nikamwambia. "Mama Badra yuko jikoni na dirisha lake liko wazi."

"Kila siku shusha sauti! Baada ya wiki tatu tunafunga ndoa, bado nashusha sauti?"

Mama Badra ni mama wa marehemu mume wangu, Gamliel. Hapa Rosh Haayin tunaishi ua mmoja, nyumba mbili: mimi na binti yangu Hodaya kwenye nyumba kubwa ya mbele, yeye kwenye nyumba ndogo ya nyuma.

"Nisikilize," nikasema. "Jana jioni nilikwenda kwa Mori Yihye kumwomba atufungishe ndoa."

Mori ni rabi wetu. Sisi tuliotoka Yemen rabi tunamwita hivyo.

"Akakataa?"

"Aliniuliza kama kuna kitu kinanizuia kuolewa. Nikamwambia kulikuwa na kiapo, lakini watu watatu kule Rehovot walikaa wakanifungua. Nilidhani yameisha. Akauliza, uliapa mbele ya nani?"

"Mbele ya nani? Si ulijiapia mwenyewe chumbani, kwa huzuni? Ndivyo ulivyoniambia."

"Nilikuambia hivyo."

"Rumia."

"Niliapa mbele ya Mama Badra. Siku ya saba ya msiba. Niliweka mkono juu ya kitabu cha Zaburi cha Gamliel nikasema, maadamu wewe Mama u hai, sitaolewa na mwanaume mwingine."

Ovadia aliweka spana chini polepole, kama mtu anayeogopa ataitupa.

"Na wale watu wa Rehovot uliwaambia hivyo?"

"Sikuwaambia jina lake. Wala kwamba alikuwepo."

"Umewadanganya watu watatu waliokaa kama baraza?"

"Sikuwadanganya. Nilipunguza."

"Ulipunguza! Na Mama mwenyewe? Uliniambia ametubariki!"

Nikalitazama tangi.

"Hajui," akasema. "Mungu wangu, hajui. Nimekaa mezani kwake, amenimenyea yai, ananiambia kula fundi umekonda. Hajui!"

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia."

"Mwaka mzima hukuipata siku nzuri? Mimi nina miaka arobaini na sita, Rumia. Nilioa nikaachana, na hata siku hiyo nilitoka kwa mlango wa mbele. Sasa niambie ukweli mmoja tu. Tunangoja nini? Tunangoja kikongwe afe?"

Nilimpiga kofi. Si kwa sababu alisema uongo.

Aliokota spana, akashuka ngazi. Nilimsikia akimsalimia Mama Badra dirishani kwa heshima zote, "Sabato njema, Mama," naye akajibiwa, "Sabato njema fundi, limepona?" Gari lake likaondoka.

Saa sita mchana nikapata ujumbe:

"Mwenye ukumbi wa harusi anafunga ofisi saa kumi. Kama Mama Badra hajajua mpaka hapo, naghairi ukumbi. Sikutishi. Nimechoka kuwa mtu wa kufichwa."

Niliusoma mara mbili, nikampigia Mori Yihye.

"Mori, ni Rumia. Hakuna njia nyingine kabisa?"

"Binti yangu, njia ipo na nilikuambia jana. Uende mbele ya watatu, awepo uliyemwapia, naye akubali."

"Wiki ijayo kabla ya Mwaka Mpya wetu watu wote watasimama sinagogini kufunguliwa nadhiri zao. Mimi nikisimama nao?"

"Hizo ni nadhiri ambazo mtu hata hakumbuki alisema lini. Yako unaikumbuka neno kwa neno. Halafu, si uliapa kwa sababu alikutendea jema?"

"Jema kubwa."

"Basi. Mtu akikutendea jema ukamwapia uso kwa uso, huendi kujifungua nyuma ya mgongo wake. Hata Rehovot. Wale wazee wangejua, wasingekufungua. Walifungua kiapo ambacho hukuapa."

"Na akikataa?"

"Utangoja."

"Ningoje nini, Mori?"

Alikohoa kidogo. "Usinitie neno hilo mdomoni siku ya Ijumaa."

Nikakata simu. Hodaya alikuwa amesimama mlangoni na kopo la uwatu. Ana miaka kumi na miwili na masikio ya paka.

"Mama, unaolewa na fundi?"

"Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nyie wote mnafikiri paa ni mwezini. Bibi anaomba uwatu, anatengeneza mchuzi."

"Nipe. Nitapeleka mimi."

Lazima niseme lile jema ni lipi, maana bila hilo mtaniona mpumbavu. Gamliel alikufa kwa moyo, ghafla, akiwa na miaka thelathini na tisa. Mimi nilikuwa muhula wa pili wa chuo, nasomea kazi za maabara. Nyumba kubwa ilikuwa ya Mama Badra. Siku ya saba ya msiba, wageni walipoondoka, alibeba godoro lake mwenyewe akahamia nyumba ya nyuma, akaniambia, "Ingia mbele wewe na mtoto. Chuo usiache. Mtoto nitalea mimi." Ni mwanamke aliyemzika mtoto wake pekee wiki hiyohiyo. Akasimama mlangoni na lile godoro, akasema, "Utaolewa. Bado kijana. Mtakwenda zenu, na mimi nitakuwa mama wa nani?" Ningeweza kumkumbatia tu. Badala yake nikachukua Zaburi nikaapa. Yeye akasema amina. Ndiyo hivyo. Diploma yangu niliisoma yeye akiwa amempakata mwanangu.

Nilimkuta jikoni akitandaza unga uliokandwa wa jahnun, mkate wetu wa asubuhi ya Sabato, juu ya meza, mwembamba mpaka unaona rangi ya meza chini yake. Sufuria lilikuwa tayari limepakwa samli. Kabla ya Sabato lazima liingie kwenye oveni likae mpaka asubuhi.

"Uwatu wako, Mama."

"Weka hapo. Mbona sura imekuwa hivyo? Umewatoa watu damu leo au wamekutoa wewe?"

"Kliniki leo sikwenda. Mama, nina jambo."

"Kama ni tangi, mimi maji yaliniunguza asubuhi. Liko sawa."

"Si tangi."

"Najua si tangi." Hakuinua macho. "Tangi hilo lina miaka minne na fundi amekuja mara kumi na moja. Mimi mzee, Rumia, sijawa mjinga. Nilikuwa namenya mayai nangoja uniambie. Nimemenya mayai mengi."

Nilivuta kiti nikakaa.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu alipopanda paani na shati lililopigwa pasi."

"Anataka kunioa."

"Anataka. Na wewe?"

"Na mimi nataka."

Alipaka samli juu ya unga, akaanza kuukunja.

"Uliapa," akasema.

"Niliapa."

"Mimi sikukulazimisha."

"Hukunilazimisha. Ulilia tu, na kwangu ilikuwa sawasawa na kulazimishwa."

"Kwa hiyo kosa ni machozi yangu! Mama amezika mtoto, asilie, mkwe wake asije akaapa!"

"Sikusema kosa ni lako. Mama, nilikwenda Rehovot. Watu watatu walinifungua. Mori anasema haihesabiki kwa sababu hukuwepo."

Hapo ndipo mikono yake ilisimama.

"Rehovot?"

"Ndiyo."

"Umekwenda kwa wageni, umewaambia habari zangu?"

"Sikukutaja kabisa. Nakuapi... nakuhakikishia. Jina lako halikutoka mdomoni mwangu."

"Hukunitaja." Alijifuta mkono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Miaka saba nakupikia, nakufulia, nakulelea. Siku ya kusimulia jambo kubwa la maisha yako, hukunitaja. Afadhali ungenitukana mbele yao. Ungesema, kuna mama mkwe mmoja mchawi amenifunga. Ningejua nimo."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa utasema hapana."

"Basi usiogope tena. Hapana. Umesikia? Hapana. Uliapa, ngoja. Nina miaka sabini na nane na mapafu mabovu. Hutangoja sana."

Akaurudia unga wake, akaukunja vibaya, akaufungua.

Mimi si mtu wa maneno mazuri. Kazini wananiita Sindano, na si kwa sababu ya sindano. Lakini kulikuwa na jambo nililokuwa nimelimeza tangu majira ya baridi, na nikaona nikitoka humo jikoni nalo litaniozea tumboni.

"Mama, unakumbuka ulipolazwa?"

"Nitasahauje? Uji ule haukuwa na chumvi."

"Majibu ya damu yako yalipitia kwetu maabara. Niliyaona kabla ya daktari. Yalikuwa mabaya sana. Nilikaa pale kwenye kiti, na kabla sijalia, Mama, kabla hata ya kuvuta pumzi, nilihesabu miezi. Nikasema kichwani, basi kufikia masika nitaolewa."

Aligeuka akanitazama.

"Halafu nikaenda chooni nikatapika," nikasema. "Nikarudi, nikakupikia supu ya mguu wa ng'ombe, nikakuletea kila siku mwezi mzima."

"Ulinilisha kwa kijiko."

"Ndiyo."

"Huku unahesabu."

"Sikutaka kuhesabu! Kichwa kinahesabu chenyewe! Ukikohoa, kinahesabu. Ukichelewa kuamka, nasimama hapa uani nasikiliza kama unapumua, na sijui nasikiliza kwa hofu au kwa nini. Nakupenda, na nimejifunga kiapo kinachonifanya ningoje ufe. Sasa umejua. Nifukuze ukitaka, nyumba ni yako."

Jirani wa upande wa pili alikuwa anakaanga vitunguu.

Mama Badra alikaa. Sijawahi kumwona akikaa Ijumaa mchana. Ijumaa yeye hukaa mishumaa ikishawashwa.

"Na mimi nilisema amina," akasema.

"Mama..."

"Nyamaza. Nilisema amina. Nilifurahi, unajua? Katika wiki ile, hicho ndicho kitu pekee kilichonifurahisha. Nikasema, huyu hataondoka. Sikufikiri upande wa pili. Nilijipa mkwe kwa kumpa sababu ya kunizika." Alipiga goti lake kwa kiganja. "Mzee mzima! Kila asubuhi nilikuona unasimama uani. Nikajiambia, tazama anavyonijali."

"Nilikuwa nakujali."

"Najua. Ndiyo maana inauma." Akapangusa kamasi kwa aproni. "Mngekwenda kuishi wapi?"

"Nani?"

"Wewe na yule wa shati la pasi."

"Hapahapa. Fleti yake ya Petah Tikva ni ya kupanga, ghorofa ya tatu, haina lifti. Alisema yeye ndiye atahamia, ukimruhusu. Alitaka kuja kukuomba mwenyewe. Mimi ndiye nilikuwa namzuia."

"Hapahapa?"

"Ulidhani tutaondoka?"

"Mwaka mzima namenya mayai nikidhani namlisha mwizi!" Akasimama. "Mpigie Mori."

"Mama, ni Ijumaa saa tisa."

"Kwani Ijumaa mdomo wake unafungwa? Mpigie. Mwambie alete wawili, si wale wanaosinzia."

Mori Yihye alifika na shemeji yake Saadia, nywele zikidondoka maji maana alitolewa bafuni. Wa tatu hakupatikana. Mwanaume gani anakaa bure Ijumaa saa tisa na nusu? Hodaya akatoka barabarani, akarudi akimvuta mkono jirani yetu Haim, dereva wa basi, aliyevaa soksi bila viatu na kushika mkate wa Sabato kwapani.

"Nimeambiwa kuna mtu amefungwa," Haim akasema. "Nilidhani mlango."

"Kaa," Mori akamwambia. "Wewe ni jaji."

"Mimi?"

"Kwa dakika tano. Weka mkate chini."

Walikaa watatu upande mmoja wa meza, unga ukiwa bado umetandazwa mbele yao. Mimi nikasimama. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika arobaini. Nilimwandikia Ovadia: "Niko mbele ya watatu. Mama Badra yupo. Ngoja." Alama ikabaki moja, simu yake haikuwa hewani. Nilijua maana yake. Akiwa juu ya paa la mteja huzima simu, na akishashuka atampigia mwenye ukumbi kwanza.

"Sema kiapo chako," Mori akasema. "Chote. Leo hupunguzi."

Nikakisema chote. Siku ya saba, godoro, Zaburi, maadamu wewe Mama u hai. Haim dereva aliacha kutabasamu.

"Unajuta?"

"Najuta."

"Unajuta leo kwa sababu umepata mchumba, au unajuta kwamba uliapa tangu mwanzo?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, maana nilishapunguza mara moja.

"Tangu mwanzo. Mchumba nilimpata mwaka jana. Hiki kilianza kuniuma siku Mama alipougua, na hata Ovadia angeondoka leo kingeniuma."

"Siku ile ulipoapa, kama ungejua kwamba kiapo hiki kitakufanya uhesabu siku za mtu aliye hai, umtakie mabaya moyoni hali tumeamriwa tupendane, ungeapa?"

"Nisingeapa. Ningekatwa ulimi nisingeapa."

Mori akawatazama wenzake. Saadia akatikisa kichwa kukubali, maji yakamrukia Haim. Kisha Mori akageuka.

"Badra. Wewe ndiye uliyeapiwa. Wema ulikuwa wako. Unakubali afunguliwe?"

Mama Badra alikuwa amesimama karibu na jiko, mkono juu ya kifuniko cha sufuria. Nilisikia saa. Nilimwona Hodaya ameshika ukingo wa mlango kwa mikono yote miwili.

"Nina sharti," akasema.

"Hapa hakuna masharti."

"Basi nina ombi. Ombi linakatazwa?"

"Ombi halikatazwi."

"Siku ya kumbukumbu ya Gamliel, taa yake iwashwe nyumba kubwa, si huku nyuma. Na mume mpya awepo, asijifanye ana kazi. Jina la mwanangu litajwe mezani. Basi."

"Mama, naapa kwamba kila mwa..."

"Usiape!" walipiga kelele wote wanne kwa pamoja. Mori alipiga meza, unga ukaruka. Haim alisimama na soksi zake kama mtu aliyeona mtoto anakimbilia barabarani.

"Mwanamke, una nini?" Mama Badra akanishika bega akanitikisa. "Hata hujatoka kwenye shimo la kwanza! Sema ndiyo. Ndiyo tu. Ndiyo yako inanitosha."

"Ndiyo, Mama."

"Umesikia ilivyo rahisi?" Akamgeukia Mori. "Nakubali. Mfungueni. Mfungueni mwanangu haraka, na mimi nipate kuishi bila kuhesabiwa."

Wakasema wote watatu pamoja, Haim akiwafuatisha kwa kuchelewa: "Umefunguliwa. Umefunguliwa. Umefunguliwa."

Hakuna radi iliyopiga. Saadia aliuliza kama kuna taulo.

Simu yangu ikalia mkononi. Ujumbe, saa kumi na dakika sita:

"Nimeghairi. Pole, Rumia. Nilisubiri mpaka saa kumi kamili."

Na kabla sijamaliza kuusoma, mwingine:

"Ndiyo kwanza naona ulichoandika. Mbele ya watatu? Mama yupo kweli, au umepunguza tena?"

Nilianza kuandika. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mama Badra alinyoosha shingo akasoma juu ya bega langu, bila aibu.

"Ataamini vipi?" akasema. "Na mimi nisingeamini. Umemdanganya mtu mwaka mzima, leo unataka akuamini kwa vidole?"

"Nitampigia."

"Utampigia umwambie nini? Hiyohiyo sauti iliyosema nimebariki? Sabato inaingia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasoro dakika tano," Mori akajibu akiwa mlangoni.

"Na Petah Tikva ni dakika ngapi?"

"Ishirini, barabara ikiwa wazi," Haim akasema. "Pita njia ya nyuma, usipite mzunguko mkubwa. Hiyo ni kazi yangu, niamini."

Mama Badra aliukunja unga, akaupanga katika sufuria la jahnun, akalifunga, akaliingiza kwenye oveni, akapunguza moto. "Hodaya, mishumaa na kitambaa cha meza. Weka sahani nne." Akavua aproni. "Rumia, funguo."

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kutoa ushahidi."

Tulipita njia ya nyuma. Hakusema neno njia nzima isipokuwa mara moja, "Kwenye taa nyekundu unasimama, nimekuambia nataka kuishi."

Nilipaki mbele ya jengo lake saa kumi na moja kasoro. Nilipanda ngazi ghorofa tatu mbio, nikagonga. Ovadia alifungua, nywele mbichi, shati jeupe la Sabato halijafungwa vifungo. Nyuma yake niliona meza yenye sahani moja na kopo la jodari.

"Nimefunguliwa," nikasema, bado nahema. "Yeye akiwepo. Amekubali kwa mdomo wake."

"Rumia..."

"Nilikudanganya mwaka mzima. Nilikupiga kofi ukisema ukweli. Sina la kujitetea. Nataka unioe."

"Nimeghairi ukumbi. Mwenyewe ameshaupa watu wengine."

"Tutafungia uani. Unanioa au hunioi?"

"Nataka kuamini. Lakini kila ukiniambia Mama Badra amesema..."

Chini, honi ya gari ililia. Ikalia tena, ndefu, mpaka madirisha yakafunguka jengo zima. Ovadia akatoka roshani, akainama. Mama Badra alikuwa ametoka nusu garini, mkono mmoja kwenye usukani, kitambaa chake cha kichwa kimepinda.

"Fundi!" akapaza sauti. "Unasubiri ngazi? Mimi ndiye Badra, nimekubali, watu watatu wamesikia, sasa na mtaa mzima umesikia! Shuka, Sabato inaingia!"

"Mama, shikamoo! Nije... nije mpaka lini?"

"Mpaka Jumapili! Lete shati la kubadilisha! Na utalala nyumba ya nyuma, kwangu, si kwake, harusi bado! Nakoroma, utazoea!"

Mzee mmoja wa ghorofa ya pili akapiga makofi. Ovadia akanitazama. Akapapasa shavu nililolipiga asubuhi.

"Hujapunguza," akasema.

"Sijapunguza."

"Subiri hapa."

Sikusubiri. Niliingia nikakunja shati moja na suruali moja nikavitia kwenye mfuko wa plastiki. Yeye alizima taa ya jikoni, akalirudisha lile kopo la jodari kabatini, akafunga mlango kwa funguo mara mbili. Tulishuka tukiwa tumeshikana mikono, kwa sauti, tukigonga kila ngazi.

Mama Badra alikuwa amehamia kiti cha nyuma.

"Kaa mbele," akamwambia, "uone anavyoendesha, ujue unaoa nini."

Ovadia akakaa mbele, akafunga mkanda. Nikawasha gari.